Mihrabu ya Misunkumilo

Mwalimu Zakayo alikwenda Kilwa akiwa mtu, akarudi akiwa mhadhara.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa historia kama walimu wengine wa Mpanda. Alifundisha, alilima mahindi yake, alilalamikia chaki na mshahara, akaenda zake kulala. Basi katikati ya miaka ya tisini, wataalamu waliokuwa wakichimba magofu kule Kilwa Kisiwani wakataka walimu wachache wa bara waje wajionee kazi, na kwa sababu ambazo hata mkuu wake wa shule hakuzielewa, jina lililochomoza likawa la Zakayo. Akapanda treni, akakaa huko likizo nzima. Wakampa mwiko mdogo, wakampa na brashi, wakamfundisha kuupangusa udongo tabaka kwa tabaka kama mtu anayemfuta mtoto uso. Na hapo ndipo nyumba ya mkewe ilipoanza kubomoka, ijapokuwa ilikuwa haijajengwa bado.

Aliporudi, kila kitu kilikuwa na karne. Ukimkaribisha chakula, atamaliza ugali, kisha ataigeuza sahani yako kifudifudi na kuikagua mbele ya watoto, maana kitako cha chombo, alisema, hakidanganyi. Kwenye harusi ya binti wa mwalimu mwenzake alipewa nafasi atoe nasaha. Akawaeleza maharusi jinsi mafundi wa Kilwa walivyochonga nakshi kwenye matumbawe yangali mabichi, laini kama muhogo, wakayaacha yakauke yawe jiwe. Na jinsi walivyopanga magogo duara kubwa, wakayachoma matumbawe mengine juu yake wapate chokaa ya kujengea kuba za misikiti. Watu wakangoja aiunganishe habari hiyo na ndoa. Hakuiunganisha. Ofisi ya walimu ikawa inabaki tupu kila akiingia, na wanafunzi wakampa jina la Mwalimu Karne. Alipolisikia, alifurahi.

Tusimwonee lakini. Kitu kile alikipenda kwelikweli. Miaka yote alifundisha historia kutoka kwenye kitabu kilichochanika jalada, historia ya watu wengine, mahali pengine. Kilwa aliokota kwa mkono wake kigae cha bakuli la Uajemi, buluu iliyopauka, na chini ya ule mng'aro kulikuwa na alama ya kidole cha mfinyanzi, mtu aliyekufa miaka mia saba iliyopita. Zakayo akaweka kidole chake juu ya kile kidole, kikaenea. Alilia pale pale shimoni, akasingizia vumbi.

Sasa, nyumba. Mkewe Elizabeti, ambaye mtaani walimwita Mama Dorice, alikuwa na mama yake Kapalamsenga, kule ziwani. Bibi Prisila macho yalikuwa yameingia giza, na mwaka ule alikuwa ameshaunguza mkono mara nyingi akipapasa jikoni. Elizabeti alitaka kumleta mjini. Ila walikuwa wamepanga vyumba viwili vyenye mlango mmoja, na mama mkwe hapiti mlango ambao mkwewe amelala nyuma yake. Afadhali anyeshewe. Bibi Prisila mwenyewe alikwisha kulisema hilo, na hakuwa mtu wa kubembelezwa. Kwa hiyo ilitakiwa nyumba, na kwenye nyumba hiyo chumba cha ubavuni chenye mlango wake mwenyewe unaotokea uani. Elizabeti hakuomba kingine. Hakuomba sofa, hakuomba kanga. Aliomba mlango.

Kiwanja walikipata Misunkumilo, pembeni kule ambako nyumba zinakutana na mashamba. Aliyewauzia ni Katekista Evodi, mzee mpole, mwenye sauti ya kusoma masomo hadi watu wa nyuma wanasikia. Matofali yalishachomwa. Fundi Sixte, mwashi wa kutegemewa, alishakuja na pima maji yake. Kilichobaki ni kuchimba msingi, na mtu mwingine yeyote angetafuta vijana wawili wenye sururu, wakachimba, wakalipwa, yakaisha.

Mwalimu Zakayo aliwafukuza wale vijana. Alisema sururu ni unyama.

Akakigawa kiwanja miraba kwa kamba na vigingi vya mbao. Akapiga magoti na mwiko wake na brashi ya rangi, akaanza kuupangusa msingi wa nyumba ya mkewe. Udongo uliotoka aliuchekecha kwa chekecheo la unga, la Elizabeti, na kila kokoto aliigeuza juani. Watu waliotoka shamba jioni walisimama kutazama. Wengine walimpa pole, wakidhani ameangusha pete. Fundi Sixte alikuja kila Jumatatu, anachungulia, anauliza, "Mwalimu, tumefika wapi?" na Zakayo anamjibu kwamba wamefika enzi za babu yake Sixte. Mwisho Sixte akabeba pima maji yake akaenda kumjengea mtu mwingine.

"Baba Dorice," Elizabeti alimwambia, "mvua hizo zinakuja."

"Mama Dorice, udongo ni kitabu. Huwezi kuchana kurasa ili ufike mwisho."

"Mimi sitaki kusoma. Nataka kujenga."

Alimhurumia mkewe kwa maneno hayo. Hakuwahi kufika Kilwa, masikini.

Kisha akaipata. Ilikuwa pembeni kabisa, pale ambapo kwenye ramani ya Sixte palitakiwa kuwa chumba cha Bibi Prisila. Kwanza tofali moja, halafu jingine, halafu mstari wa matofali uliopinda ukafanya nusu duara, umekandikwa kwa udongo, na ukutani kitundu kimoja cha mviringo. Ndani ya ile nusu duara kulikuwa na masizi meusi. Kando yake, vipande vya kijani vinavyong'aa. Na chini ya vipande, kijibomba cha shaba kilichopinda, kimeota kutu ya kijani.

Zakayo alikaa chini. Nusu duara ile ilikuwa mihrabu, kibla cha msikiti wa kale, hakuna kingine. Masizi yalikuwa ya ubani. Kitundu ni cha kuwekea taa. Vipande vya kijani ni vigae vya Uajemi, na kile kijibomba ni mdomo wa birika la kutawadhia, kazi ya wahunzi wa shaba wa zama hizo. Wafanyabiashara wa pwani, alisema, walifika huku karne ya kumi na nne, vitabu vyote vya historia vimekosea, na uthibitisho uko kwenye kiwanja chake yeye, kitalu namba fulani, Misunkumilo.

Hapa ni lazima niwaambie jambo ambalo Misunkumilo nzima ililijua. Ile haikuwa mihrabu. Ulikuwa mtambo wa gongo. Kabla Evodi hajamwona Mungu na kuwa katekista, alikuwa mpikaji wa gongo, na gongo yake ilisifika mpaka stesheni. Ile nusu duara ndiyo iliyoshika pipa, kitundu ndimo ulimopita mrija, kijibomba cha shaba ndicho kilichodondosha mambo, na vile vigae vya Uajemi ni chupa za bia zilizoyeyuka siku mtambo ulipolipuka. Kila mwanamume mwenye mvi za kutosha alilijua jiko lile kuliko alivyolijua jiko la mama yake. Tena wanawake wengine pia, tusifichane.

Lakini nani aseme? Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukisema huu ni mtambo wa gongo, utaulizwa umejuaje. Wazee wa parokia walilitazama lile shimo wakakohoa. Mjumbe wa nyumba kumi alilitazama, akasema mambo ya kitaalamu yaachiwe wataalamu. Mkuu wa shule, ambaye ujanani alibebwa kutoka kiwanjani hapo kwa baiskeli, alisema tu kwamba ni mahali penye historia nzito. Zakayo alimshukuru.

Aliyebisha ni mtu mmoja, Ustadhi Bilali, mzaliwa wa Ujiji, muuza vitambaa sokoni. Yeye hakuwahi kunywa, kwa hiyo hakujua. Alialikwa aje kuona urithi wake. Akavua viatu kwa adabu, akasimama mbele ya ile nusu duara, akatazama jua, akatazama tena ile nusu duara.

"Mwalimu," alisema, "mihrabu hii inaelekea Sumbawanga."

"Watu wa kale hawakuwa na dira, ustadhi. Walitumia nyota."

"Makka iko kaskazini. Hiyo ni kusini kabisa. Nyota zote ziliwapotea?"

"Labda palikuwa na mawingu."

Ustadhi Bilali akavaa viatu vyake. Alisema kama kuna watu waliosali miaka hiyo yote wakielekea Sumbawanga, Mungu ni mwingi wa rehema, atakuwa amewapokea. Zakayo alilichukua neno hilo kuwa ni kukubali.

Akaandika Dar es Salaam. Aliandika kwa kila mtu aliyemkumbuka kutoka Kilwa, na akaandika tena, hadi mmoja wao, Daktari Celestin, mtaalamu wa majengo ya kale, akaona ni nafuu kupanda treni kuja kuliko kuendelea kusoma barua zake. Wakati huohuo Elizabeti aliwapa salamu wavuvi wa Kapalamsenga wampelekee mama yake: vumilia, tunakaribia. Alipeleka salamu hizo zaidi ya mara moja, na kila mara alikuwa anaamini.

Daktari alipokuwa njiani, Elizabeti alikwenda nyumbani kwa Evodi. Mumewe hakujua. Yeye alikuwa mgeni wa mtaa ule, lakini mwanamke anayeteka maji na wenzake hachelewi kujua. Hakumtisha mzee. Alimwambia tu habari za mkono wa mama yake ulioungua, akamwambia na ule mlango. Kisha akaaga. Evodi alibaki ameshika kofia.

Siku ya Daktari watu walijaa. Shule ilifungwa mapema, walimu wote walikuja, pamoja na wale waliokuwa wakiikimbia ofisi. Mkuu wa shule alikalia kiti cha mbele. Zakayo alivaa koti. Daktari Celestin, mtu mwembamba aliyechoshwa na behewa, aliingia shimoni, akakwangua kidogo, akanusa, akaokota kipande cha kijani akakiangalia kwa kioo. Akainuka akipangusa magoti.

"Mwalimu, kazi ya kuchimba umeifanya vizuri sana," alisema. "Umechimba kwa usafi kuliko wanafunzi wangu. Lakini hili naliona kama jiko tu, tena si la zamani."

Mkuu wa shule akacheka. Hakucheka kwa sauti kubwa, puani tu, lakini walimu wote walisikia na wengine wakamsindikiza.

Ndipo Evodi akasimama. Alikuwa amevaa suruali yake ya Jumapili, na ile sauti ya kusoma masomo ilikuwa imemkauka.

"Daktari amesema kweli," alisema. "Nililijenga mimi. Nilikuwa napika gongo hapa. Pipa lilikaa pale, mrija ulipita kwenye hicho kitundu, ukazunguka kwenye mtumbwi wa maji ya kupoozea. Hizo ni chupa zangu. Mungu anisamehe, na nyie mnisamehe."

Baadhi ya wazee walitazama viatu vyao. Daktari Celestin alitabasamu, akamshika mzee bega, akasema basi imekuwa vizuri, mwenye kiwanja aendelee na ujenzi wake kabla ya mvua. Elizabeti, aliyesimama nyuma na wanawake wenzake, alifumba macho. Midomo yake ilitikisika kama mtu anayetoa shukrani.

Na Zakayo? Zakayo alimwamini Evodi palepale. Mzee alipotaja pipa, kila kitu kilikaa mahali pake: nusu duara, masizi, kitundu, kusini. Alijisikia mjinga hadi kwenye nyayo. Kilichotakiwa ni kusema asante, jamani, nimekosea, tucheke wote tukanywe chai. Maneno hayo yalikuwa tayari kabisa kinywani. Lakini mkuu wa shule alikuwa bado anajipangusa machozi ya kicheko, mwalimu wa hesabu alimnong'oneza mwenzake, mtu mmoja nyuma akasema "Karne", na kinywa cha Zakayo kikafunguka kikatoa kitu kingine.

Akasema, kwa upole kabisa, kwamba anamheshimu mzee Evodi. Akasema mzee anasema kweli, alipika pale. Lakini je, alijenga, au alikuta? Kilwa kwenyewe wachunga mbuzi walipika ndani ya misikiti iliyobomoka. Watu huweka vyungu vyao mahali palipokwisha kujengwa. Akaeleza upindo wa tao, namna mafundi walivyoukata kwa kamba na kigingi. Akaeleza shaba, jinsi wahunzi walivyoigonga ikiwa baridi na kuipasha tena isipasuke. Akaeleza bakuli za Uajemi zilizopachikwa kwenye makaburi ya pwani, juu, mahali pa kushika mwanga. Akasema nani kati yetu angedhani, kabla ya kuchimba, kwamba kisiwa kile cha nyasi na mbuzi kilikuwa na jumba lenye bwawa la kuogea la pembe nane? Tulipoambiwa, tulisema ni hadithi, tukacheka. Sauti ilimtoka safi, na mikono ikachora kuba hewani. Haukuwa mhadhara wa harusini. Ulikuwa mhadhara ambao mtu hujaliwa siku moja katika maisha yake, na ulikuwa wa uongo toka mwanzo hadi mwisho.

Mkuu wa shule akaacha kucheka. Wanafunzi walinyamaza, jambo ambalo darasani halikuwahi kutokea. Evodi mwenyewe, masikini, alianza kukuna kichwa na kujiuliza kama kweli yale matofali ya chini hakuyakuta. Daktari Celestin akarudi shimoni, akachuchumaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa mtu mwingine, au labda alikuwa tu mtu mwangalifu.

"Siwezi kusema ndiyo," alisema. "Lakini baada ya kumsikia mwalimu, siwezi tena kusema hapana. Pasiguswe. Pasijengwe kitu mpaka tuje na vifaa."

"Lini?" Ilikuwa sauti ya Elizabeti.

"Fedha zikipatikana, mama."

Watu wakapiga makofi. Kibao kiliwekwa wiki ileile, na maandishi yake yalikuwa mazuri. Evodi hakuvuliwa ukatekista. Padri alimsifu kanisani kwa unyenyekevu wa kujitwisha dhambi ambayo huenda hata haikuwa yake. Mkuu wa shule alimpa Zakayo mkono mbele ya watu wote na kumwita mtafiti. Mtu akaleta soda. Zakayo akainywa, haikuwa na ladha.

Jioni ya siku ile ya Daktari walirudi kwa miguu, Elizabeti mbele, yeye nyuma na koti lake begani. Mvua ya kwanza ilikuwa imeanza kupiga matone mazito vumbini. Walipita matofali yao, yaliyopangwa kando ya njia na kufunikwa kwa nyasi. Elizabeti hakuyaangalia.

"Ulimwamini mzee?" aliuliza, bila kugeuka.

Angeweza kudanganya. Siku ile alikuwa ameonyesha kipaji. "Nilimwamini," alisema. "Toka alipotaja pipa."

Elizabeti alijitanda kanga kichwani kukinga mvua. Hasira hakuonyesha, na hilo lilimtisha zaidi.

"Lori la Kapalamsenga linaondoka Alhamisi," alisema. "Utapanda wewe. Ukamwambie mama."

"Mama Dorice, mimi ni mkwe. Siwezi kukaa mbele ya mama nikamweleza jambo kama hilo. Nitamwambiaje?"

"Mwambie ulivyomwambia daktari. Ulisema vizuri sana."

Alhamisi akapanda. Njia ilikuwa matope, walisukuma lori, akafika amechafuka mpaka masikioni. Bibi Prisila alikuwa amekaa nje ya kibanda chake juu ya furushi lililofungwa kwa kamba mpya. Alipoambiwa ni mkwewe, alijifunika kanga, akageuza uso upande kama heshima inavyotaka, na Zakayo akachutama mbali kidogo, naye ameangalia pembeni. Wakasalimiana hivyo, kila mmoja akisema na hewa yake. Majirani walikuja kusikiliza, maana habari za nyumba ya mjini walizijua wote.

Zakayo akafungua kinywa. Mtu aliyewasimamisha watu wa Misunkumilo juani hadi wakasahau njaa, akatafuta sentensi moja, hakuiona.

"Pole na safari, baba," Bibi Prisila alisema baada ya kungoja. "Sikuweza kukupikia. Vyungu vyangu vyote nimeshawagawia hawa."